Kiyoyozi cha karavani, jenereta ndogo, na ile nusu sekunde ya mwanzo

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu karavani ni hili: jenereta ya wati ngapi inaendesha kiyoyozi cha paani? Nikimrudishia mtu swali, kwamba kompresa yako, ile pampu ya gesi iliyo ndani ya kiyoyozi, inavuta ampea ngapi inapoanza, hukunja uso kana kwamba nimemkwepa. Simkwepi. Wati zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi la jenereta hazisemi karibu chochote kuhusu tatizo litakalokupata saa nane mchana, jua la utosi, bati la paa halishikiki na ndani hakukaliki.

Nitazungumzia karavani za volti 120, yaani zile zinazoundwa kwa soko la Marekani na Kanada. Kama yako ni ya volti 230, ampea zitakuwa karibu nusu ya hizi nitakazotaja, ila mantiki ni ileile.

Kiyoyozi cha kawaida cha paani huwa cha BTU (kipimo cha uwezo wa kupoza) 13,500 au 15,000. Kikishatulia, cha 13,500 huvuta ampea 12 hadi 14 hivi, kwa hiyo wati 1,400 mpaka 1,600 na ushee. Cha 15,000 husogea hadi 15 au 16. Sasa chukua jenereta ndogo ya inveta, tuseme Honda EU2200i. Jina lenyewe linakuambia wati 2,200. Ukisoma maandishi madogo unakuta hizo ni za muda mfupi tu, na kwamba za kufanya kazi mfululizo ni 1,800. Bado hesabu inakubali, maana 1,800 ni zaidi ya 1,600. Mtu anafunga mjadala, analipa, anapakia mzigo wake na kuondoka.

Kisha anawasha kiyoyozi na jenereta inakata.

Angalia kibandiko kilichobandikwa kwenye kiyoyozi chenyewe, mara nyingi ndani, ukishafungua kifuniko cha dari. Karibu na ampea za kawaida kuna namba nyingine iliyotanguliwa na herufi LRA. Hizo ni ampea ambazo mota ya kompresa huvuta ikiwa imepewa umeme lakini haijaanza kuzunguka. Kwa kompresa nyingi za ukubwa huu namba hiyo iko kati ya 50 na 65. Zidisha 60 kwa volti 120, unapata 7,200. Hazidumu, ni nusu sekunde au pungufu ya hapo, lakini katika muda huo mfupi jenereta ya 2,200 inadaiwa zaidi ya mara tatu ya uwezo wake.

Sababu iko ndani ya mota. Mota inayozunguka huzalisha volteji yake inayosukumana na ile inayoingia, na ndiyo inayouzuia mkondo usipande ovyo. Ikiwa imesimama hakuna kinachopinga. Umeme unakutana na koili za shaba tu, nao unapita kwa pupa. Ni kama kusukuma gari lililozimika barabarani: kulitoa pale lilipo kunahitaji wanaume wanne, likishaanza kubiringika mmoja anatosha.

Na hapa ndipo volteji inapoingia. Nguvu ya mota kujisokota inafuata mraba wa volteji. Volti zikishuka kwa asilimia 10, nguvu ya kusokota haishuki kwa 10, inashuka kwa 19. Kompresa ya volti 115 ikipewa 100, imepoteza karibu robo ya nguvu zake, tena katika dakika ileile inapozihitaji kuliko wakati wowote. Matokeo yake ni mduara mbaya: mota inavuta mkondo mkubwa, mkondo unashusha volti, volti zikishuka mota inachelewa kuanza, na kwa kuwa imechelewa inaendelea kuvuta mkondo ule mkubwa. Koili zinachemka. Kompresa ina swichi yake ya joto inayoikata ikizidi, lakini kuitegemea hiyo kila siku ni kuila mota taratibu.

Ndiyo maana nasema jenereta hizi hazishindwi kuendesha kiyoyozi. Zinashindwa kukianzisha.

Namna zinavyoshindwa pia inatofautiana, na tofauti hiyo ni muhimu. Jenereta ya inveta haikupi umeme wa altaneta moja kwa moja. Umeme ule mbichi unageuzwa kwanza kuwa wa DC, kama ule wa betri, kisha saketi za kielektroniki zinauchonga upya kuwa wimbi safi la herzi 60. Saketi hizo zina kikomo chao. Zikizidiwa, taa ya kijani inazimika, nyekundu inawaka, umeme unakatika, na injini inaendelea kunguruma kama kawaida. Aliye ndani anasikia mngurumo na kuona kiyoyozi kimenyamaza, basi anaanza kukilaumu kiyoyozi.

Jenereta ya fremu wazi, ile yenye kelele inayozunguka mara 3,600 kwa dakika, ina rota nzito na kwa sababu hiyo huvumilia zaidi mshtuko wa mwanzo. Lakini ikielemewa haikati kwa haraka hivyo. Injini inaguna, mzunguko unashuka, volti na herzi zinashuka pamoja, na kompresa inabaki imekwama katikati, haizunguki wala haijakatiwa umeme. Mimi ningependelea taa nyekundu mara kumi kuliko mguno huo.

Kama unataka kuliona jambo hili kwa macho yako, chomeka mita ndogo ya volti kwenye soketi iliyo ndani ya karavani, simama mbele yake, umwombe mwenzako awashe kiyoyozi. Ianze feni peke yake: 121 inakuwa 119. Ngoja kidogo. Kirekebisha joto (themostati) kinatoa mlio wa tak, taa za dari zinafifia kama zimepepesa jicho, na kwenye kioo cha mita inatokea 98. Kabla hujaisoma vizuri imekuwa 111, kisha 116, na hapo inatulia. Mita nyingi za bei nafuu husoma mara moja tu kwa sekunde, kwa hiyo shimo lenyewe huenda lilikuwa na kina zaidi ya hiyo 98.

Dawa iliyobadilisha mchezo huu ni kifaa cha kuanzisha taratibu. Ni kiboksi cha kielektroniki kinachofungwa ndani ya kiyoyozi, kwenye nyaya za kompresa na kapasita, na kazi yake ni kuipa mota umeme kidogo kidogo badala ya kuumwaga wote kwa mkupuo. Yanayojulikana zaidi sokoni ni Micro-Air EasyStart na SoftStartRV. Ampea za kuanzia hupungua kwa zaidi ya nusu. 60 inaweza kushuka hadi 20 na kitu. Kwa namba hizo jenereta moja ya 2,200 inawasha kiyoyozi cha 13,500 bila kelele. Baadhi ya vifaa hivi vinajifunza tabia ya kompresa yako katika mara chache za mwanzo, hivyo ni vizuri mafunzo hayo yafanyike ukiwa umechomeka kwenye umeme imara, si kwenye jenereta inayohangaika.

Usikichanganye na kapasita ya kuongezea nguvu ya kuanzia, ambayo ni ya bei rahisi sana na wauzaji wengine huisifia kwa maneno yaleyale. Kapasita hiyo inaipa mota msukumo ili iondoke haraka, nayo inasaidia kompresa iliyochoka. Haipunguzi mkondo wa kwanza kwa kiasi cha kuiokoa jenereta ndogo. Ukiambiwa vitu hivi viwili ni kimoja, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nawe ukiamua kukifunga mwenyewe, kumbuka kwamba kapasita huhifadhi chaji hata baada ya kuzima kila kitu na kuchomoa waya. Ipimwe na itolewe chaji kabla ya kidole chochote kuigusa. Halafu, kama kiyoyozi chako ni cha aina mpya chenye kompresa inayobadilisha kasi yake yenyewe, hicho tayari kinaanza taratibu kwa asili yake. Usikifungie kitu.

Kuna njia ya pili, ya kuunganisha jenereta mbili zinazofanana kwa kebo maalumu ili zifanye kazi bega kwa bega. Mbili za 2,200 zinakupa wati 3,600 za mfululizo, na baadhi ya vifaa vya kuunganishia huwa na soketi ya ampea 30. Kwenye makaratasi hata hizi mbili haziifikii 7,200, lakini kwa uzoefu huwa zinawasha cha 13,500, kwa sababu volti zinashuka kidogo, mkondo nao haufiki kileleni, na mota inaondoka kabla saketi za kinga hazijaamua. Kwa cha 15,000 jibu ni "inategemea", jibu ambalo silipendi.

Kati ya njia hizi mbili mimi naanza na kifaa cha kuanzisha taratibu, hata kwa mtu mwenye uwezo wa kununua jenereta mbili. Kila moja ina uzito wa kilo 21 hivi bila mafuta. Zikiwa mbili, mafuta ni mara mbili, plagi za spaki mara mbili, kabureta mbili za kusafisha petroli iliyoganda ndani ukiziacha msimu mzima. Tena kifaa kile kinailinda kompresa hata ukiwa umechomeka kwenye kambi yenye umeme dhaifu. Jenereta ya pili haifanyi hivyo.

Lakini jenereta moja ina mipaka yake, na ni haki kuisema. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Ukipiga kambi kwenye mita 1,500, zile 1,800 zimebaki kama 1,485. Hewa ya moto nayo inaidhoofisha injini zaidi, na joto hilohilo linapandisha presha ya gesi ndani ya kiyoyozi hivyo kinavuta ampea nyingi zaidi. Vitu viwili vinaelekea kinyume kwa wakati mmoja. Jenereta iliyowasha kiyoyozi asubuhi bila taabu inaweza kukata saa tisa alasiri bila kitu chochote kuharibika. Ukienda milimani mara kwa mara, kabureta inaweza kubadilishiwa jeti (kitundu kinachopitisha petroli) iwe ya mwinuko huo. Na kwa kambi ya juu yenye joto, hapo nakubali, beba mbili.

Mara nyingi, hata hivyo, kinachoiangusha jenereta si kiyoyozi. Ni vile vitu vinavyokula umeme kimyakimya. Hita ya maji ya umeme inakula wati 1,400 hivi. Friji ya gesi na umeme ikiachwa ijichagulie, itachagua umeme na kuchukua 300 au zaidi. Chaja ya betri za karavani, betri zikiwa zimeshuka, inaweza kuvuta mia kadhaa bila kukuambia. Hita na friji zipelekwe kwenye gesi, chaja izimwe breka yake kwanza, na maikrowevu isiguswe kompresa ikiwa inafanya kazi. Swichi ya kuokoa mafuta, inayoifanya injini izunguke polepole lodi ikiwa ndogo, nayo izimwe mpaka kompresa itulie, maana injini iliyokuwa imesinzia huchelewa kuamka.

Waya ni jambo ambalo watu hulidharau. Chukua ekstensheni ya mita 15 yenye waya mwembamba wa geji 14. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30 za shaba, na ukinzani wake ni kama robo ya ohmu. Kwa ampea 14 unapoteza volti 3.5, si neno. Kwa ampea 60 za kuanzia unapoteza 15. Volti 15 zimeliwa na waya kabla kompresa haijaziona! Kwa geji 10, ambayo ni waya mnene zaidi, upotevu huo unashuka hadi volti 6 hivi. Kamba nene, fupi kadiri usalama unavyoruhusu, isiachwe imeviringishwa kwenye roli wakati inafanya kazi. Na ishike baada ya nusu saa, hasa kwenye plagi: ikiwa ya moto, kuna kiungo kibovu mahali.

Sasa kinga ya volteji. Hapa kuna bidhaa za aina mbili zinazofanana kwa sura na kupishana mbali kwa bei. Ya kwanza inameza mishtuko ya ghafla tu, kama ile ya radi ya mbali, na kwa volti za chini haifanyi lolote. Kwa mtu wa jenereta hiyo ni nusu ya kinga, tena ile nusu anayoihitaji kidogo. Ya pili inasimamia umeme muda wote: inapima volti, inakagua nyaya za laivu, nyutro na ethi, na inakata ikiona kasoro. Kwenye vifaa vya aina hii vya Progressive Industries, kwa mfano, mipaka ni volti 104 chini na 132 juu.

Kikishakata, hakirudishi umeme papo hapo. Kinangoja, kwenye baadhi ya modeli zaidi kidogo ya dakika mbili. Watu hukasirika wakidhani kimekwama. Kungoja huko ndiko kunakoiokoa kompresa. Ikizimwa, presha ya gesi inabaki kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, na inahitaji dakika chache kusawazika. Ukiiwasha kabla ya hapo, mota inajaribu kusukuma ukuta, inakwama, na ampea zile za LRA zinakaa badala ya kupita. Hata kama huna kifaa cha kinga, jizoeze kungoja dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha tena.

Kuna kisa kimoja kinachowachanganya karibu wote wanaonunua kinga nzuri na jenereta nzuri kwa pamoja. Wanachomeka, na kinga inakataa katakata kupitisha umeme, ikitoa msimbo wa hitilafu ya ethi. Jenereta inarudishwa dukani, inajaribiwa, nzima. Kinga inarudishwa, nzima. Vyote ni vizima. Jenereta nyingi ndogo za inveta huacha nyutro ikielea, haijaungwa na ethi popote, na karavani nayo haiziungi kwenye boksi lake la breka, kwa kuwa inategemea kazi hiyo imefanyika huko umeme unakotoka. Kinga inakagua, haioni muungano, inahesabu kuwa ethi haipo. Imesema kweli.

Suluhisho ni plagi ya kuunganisha: plagi ya kawaida isiyo na kamba, ambayo ndani yake nyutro na ethi zimeungwa kwa kipande cha waya, na laivu haijaguswa. Inachomekwa kwenye soketi ya pili ya jenereta, basi. Jenereta zikiwa mbili zilizounganishwa, plagi inawekwa kwenye moja tu, kwa sababu muungano huo unatakiwa uwe mahali pamoja. Iandike kwa wino usiofutika kwamba ni ya jenereta, na isichomekwe kamwe kwenye soketi ya nyumba au ya kambi. Soma pia kitabu cha jenereta yako kwanza. Nyingine, hasa za kazi za ujenzi, zimeshaungwa kiwandani. Kinachoniudhi ni ushauri unaozunguka wa kuichomoa kinga na kuchomeka karavani moja kwa moja ili mambo yaende. Mambo yataenda, ndiyo.

Wenye karavani za ampea 50 wana hatari yao ya ziada kwenye umeme wa kambi. Zinalishwa na laivu mbili zenye nyutro moja. Nyutro ikikatika, vifaa vya volti 120 vinaweza kujikuta vinapokea hadi karibu 240. Kinga kamili inakata kabla televisheni haijatoa moshi.

Kuhusu vile vipandisha volti vizito, vinavyochukua volti dhaifu na kuziongeza kwa asilimia 10, ni vifaa vizuri kambini, ambako nguzo ya umeme ina ampea za kutosha ila volti zimechoka. Kwenye jenereta sivipendekezi. Havizalishi nguvu, volti zikiongezeka upande wa karavani, ampea zinaongezeka upande wa jenereta, na jenereta iliyokuwa imeelemewa inaelemewa zaidi.

Moshi wa eksozi sitauzungusha maneno. Una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka karavani, eksozi ielekee upande usio na mtu, wa kwako wala wa jirani, na king'ora cha gesi hiyo kiwe kinafanya kazi kabla hujawasha chochote. Kelele zina sheria zake: katika hifadhi za taifa za Marekani kikomo ni desibeli 60 zikipimwa umbali wa futi 50, yaani mita 15 hivi, mbali na saa za ukimya za kila kambi. Jenereta za inveta huwa ndani ya kiwango hicho. Za fremu wazi, mara nyingi, hapana.

Mafuta ndiyo yatakayokuamulia usiku wako utakuwaje. Tangi la EU2200i linachukua lita 3.6, na kwa lodi kamili linadumu saa 3 na dakika chache. Jua likishazama kompresa inapumzika zaidi, na muda huo unaongezeka, lakini halitafika alfajiri. Injini inayoishiwa petroli haizimiki kistaarabu. Inayumba, inapanda na kushuka, na umeme unayumba nayo mpaka pumzi ya mwisho, na vitabu vya jenereta nyingi vinaonya juu ya hilo. Kwa hiyo kabla tangi halijakauka, kiyoyozi kinazimwa kwanza kwenye kirekebisha joto, jenereta inaachwa izunguke bila lodi dakika mbili tatu ipoe, ndipo inazimwa. Petroli inamiminwa ikiwa imepoa, tochi mkononi, hakuna sigara wala jiko karibu. Ukimaliza kujaza na kuwasha tena, zile dakika za presha kusawazika zitakuwa zimeshapita zenyewe.